Uandishi Bora Huanzia Kwenye Daftari la Kila Siku: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Sekondari

Mtoto anayesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania hufundishwa kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba. Akiingia kidato cha kwanza, hisabati, biolojia, fizikia na jiografia zinageuka kuwa za Kiingereza, na Kiswahili kinabaki somo moja lenye vipindi vichache kwa wiki. Ndiyo maana wapo wanafunzi wa kidato cha nne wanaoandika Kiswahili kilekile walichokiandika darasa la saba. Mwandiko umekomaa, mawazo yamepanuka, lakini sentensi hazijakua. Na hasara haiishii kwenye Kiswahili. Anayeshindwa kupanga hoja zake kwa lugha anayoiota usiku atazipangaje kwa lugha anayolazimika kuitafuta kwenye kamusi?

Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba mwanafunzi aandike insha nyingi. Ni ushauri mzuri, ila insha huja mara moja moja, pengine mara mbili kwa muhula, na ikirudi imesahihishwa mwandishi wake amekwisha kusahau alikuwa anataka kusema nini. Hebu hesabu ulichoandika tangu Jumatatu: notisi za masomo, ujumbe kwenye kundi la darasa, labda barua ya kuomba ruhusa, kumbukumbu za kikao cha klabu, orodha ya zamu za usafi wa bweni. Hayo yote ni uandishi, na unayafanya kila siku bila kusukumwa na mtu. Mwongozo huu unakuomba uyafanye kwa uangalifu zaidi, maana humo ndimo mkono unamozoea kuandika vizuri au ovyo.

Hatua ya kwanza: tenga daftari moja na robo saa moja

Chukua kaunta buku ndogo. Usiichanganye na somo lolote. Kila siku, kwa dakika kumi na tano, andika humo jambo moja ulilolishuhudia siku hiyo. Jambo moja tu. Andika ukurasa wa kulia, na ukurasa wa kushoto uache wazi kwa ajili ya kusahihisha na kuandika upya. Chagua saa ambayo haigombaniwi na kitu kingine. Kwa wa bweni, mwanzo wa maandalio ya jioni hufaa. Kwa wa kutwa, mara baada ya kurudi nyumbani kabla ya kazi za jikoni na mifugo.

Wengi huanza hivi, kisha siku ya nne hawana la kuandika. Sababu ni kwamba wanaandika kwa ujumla mno, na mambo ya jumla huisha upesi. Tazama mfano huu wa mwanafunzi aliyetumwa kusaga mahindi:

"Leo nilienda mashine kusaga. Kulikuwa na foleni ndefu sana. Watu walikuwa wengi. Umeme ulikatika na nilichoka sana."

Hakuna kosa la sarufi la kutisha hapo. Tatizo ni kwamba maneno hayo yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mashineni. Ili kuyaboresha, jiulize maswali ya mtu ambaye hakuwepo. Ulifika saa ngapi? Foleni ilikuwa ya watu au ya vyombo? Waliokuwa wakisubiri walikuwa wanafanya nini? Umeme ulikatika umebakiza nani mbele yako? Ukishajibu, andika upya upande wa kushoto:

"Nilifika mashineni saa kumi, nikakuta ndoo na viroba vimepangwa mstari hadi nje ya mlango. Wenyewe walikuwa wamekaa kivulini upande wa pili wa barabara. Kila kiroba kilipokwisha kusagwa, mama mmoja alinyanyuka, akasogeza mbele vyombo vyote, chake na vya wenzake, kisha akarudi kukaa. Umeme ulikatika zikiwa zimebaki ndoo mbili kabla ya yangu. Hakuna aliyeondoka."

Neno "nilichoka" halimo, wala "foleni ndefu sana" halimo, lakini msomaji ameiona foleni na amehisi uchovu. Angalia pia urefu wa sentensi. Ile ya mama anayesogeza vyombo ni ndefu kwa sababu kazi yenyewe ina hatua nyingi. Ya mwisho ina maneno mawili, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ukifanya zoezi hili kwa mwezi mzima, utaona jambo la ajabu kidogo: utaanza kutazama vitu mchana ukijua kwamba jioni utaviandika, na hapo hutakosa cha kuandika tena.

Epuka "sana", "kweli kweli" na "mbalimbali" katika daftari hili. Si maneno mabaya. Ni kwamba kila unapotaka kuyaandika, kuna jambo halisi ambalo hujalisema bado. "Matunda mbalimbali" ni matunda gani? Yataje: maembe, mafenesi na ndizi mbivu.

Hatua ya pili: acha kunakili notisi, ziandike

Hapa ndipo muda mwingi wa mwanafunzi unapopotelea. Mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili neno kwa neno, daftari linajaa, na kichwani hakijaingia kitu. Ukitaka notisi zikufundishe kuandika, zipitishe kichwani kwanza.

Tuchukue aya ya historia kama hii:

"Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, kusini mashariki mwa nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, wakati wa utawala wa Wajerumani. Wenyeji walilazimishwa kulima pamba kwa ujira mdogo huku mashamba yao ya chakula yakikosa watu wa kuyahudumia. Mganga mmoja wa Ngarambe, Kinjekitile Ngwale, aliwapa watu maji ambayo waliamini yangewakinga na risasi. Imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hapo awali hayakuwa na uongozi mmoja. Wajerumani walimnyonga Kinjekitile mwezi Agosti 1905, lakini vita viliendelea na kufika hadi Ungoni, vikamalizika mwaka 1907. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko waliouawa kwa risasi."

Isome mara mbili. Funika kitabu. Sasa kwenye karatasi andika maneno machache tu unayoyakumbuka, bila kuunda sentensi: Matumbi 1905, pamba ya lazima, Kinjekitile, maji, makabila kuungana, kunyongwa, 1907, mashamba kuchomwa, njaa. Funua kitabu ukague ulichosahau au ulichokosea, hasa majina na miaka. Kisha kifunike tena, uandike aya yako mwenyewe kutokana na yale maneno.

Mwanafunzi wa kawaida ataandika: "Vita vya Maji Maji vilianza 1905. Wenyeji walilimishwa pamba. Kinjekitile aliwapa watu maji. Makabila yaliungana. Kinjekitile alinyongwa. Vita viliisha 1907. Kulikuwa na njaa." Habari ni za kweli zote, ila zimesimama kila moja peke yake, msomaji haoni kipi kilisababisha kipi. Kinachokosekana ni viunganishi vyenye maana: kwa sababu, hivyo, ingawa, licha ya, matokeo yake. Linganisha na hii:

"Kulazimishwa kulima pamba kwa ujira mdogo ndiko kulikowafanya wenyeji wa Matumbi waanze vita mwaka 1905. Kwa kuwa makabila hayakuwa na uongozi mmoja, imani ya maji ya Kinjekitile ndiyo iliyoyaunganisha, na ndiyo maana vita viliendelea hata baada ya yeye kunyongwa. Wajerumani walishinda mwaka 1907 kwa kuteketeza chakula, hivyo njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki."

Sentensi tatu, na sasa kuna hoja ndani yake. Hii ndiyo kazi ya ufupisho. Kwa wanaosoma Kenya, ufupisho una alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na anayeandika notisi zake kwa namna hii anakuwa ameufanyia mazoezi karibu kila siku bila kutenga saa ya ziada.

Njia hiyo hiyo itumie kwa masomo ya Kiingereza. Ukimaliza kipindi cha biolojia, eleza kwa Kiswahili, kwa sentensi nne au tano, jinsi damu inavyozunguka mwilini. Ukikwama katikati, umegundua mahali ambapo hukuelewa, na bado una muda wa kumuuliza mwalimu.

Hatua ya tatu: kagua sentensi ndefu

Sentensi ndefu si dhambi. Ubaya ni sentensi ambayo mwandishi wake aliianza bila kujua inaishia wapi, akawa anaiunga kwa "na", "ambapo", "kwani" na "huku" hadi karatasi ikaisha. Mfano:

"Klabu ya mazingira ilifanya kikao ambapo wanachama walijadili suala la upandaji miti ambapo ilionekana kwamba miche mingi hukauka kwani haimwagiliwi na hivyo uamuzi ulifanyika wa kuwa na zamu na pia kuchanga fedha za ndoo."

Tafuta vitenzi, kimoja kimoja, na kwa kila kitenzi uliza: nani alifanya? Nani aliona kwamba miche inakauka? Nani aliamua? Ukipata majibu, sentensi zinajigawa zenyewe:

"Klabu ya mazingira ilikutana kujadili upandaji miti. Katibu alieleza kwamba miche mingi inakauka kwa sababu hakuna anayeimwagilia. Wanachama waliamua kuwe na zamu ya kumwagilia kila jioni, na kila mmoja achangie fedha ya kununua ndoo."

Maneno kama "ilionekana", "uamuzi ulifanyika" na "imebainika" huficha mtendaji. Yana nafasi yake pale mtendaji asipojulikana. Katika kumbukumbu za kikao, mtendaji anajulikana, na wiki ijayo mtu atauliza nani alisema nini.

Hilo neno "ambapo" linastahili kuangaliwa kwa jicho kali. Siku hizi linawekwa kila mahali kama gundi. Linahusu mahali au wakati. Kitabu ni ambacho, mtu ni ambaye, watu ni ambao, habari ni ambazo, jambo ni ambalo. Mara nyingi hata hulihitaji: "kitabu nilichokisoma" ni nyepesi kuliko "kitabu ambacho nilikisoma", na zote mbili ni sahihi. Upatanisho wa ngeli ndio uti wa mgongo wa sentensi ya Kiswahili. Ukiandika "mbwa imelala" au "watu ambayo walikuja", msomaji atajikwaa hapo hapo hata kama hoja yako ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya nne: tengeneza orodha ya makosa yako mwenyewe

Usijaribu kusahihisha makosa yote ya Kiswahili kwa mpigo mmoja. Kila mwandishi ana machache yanayomwandama, na mengi yanatokana na matamshi ya nyumbani. Kurasa za mwisho za kaunta buku yako ziwe za makosa yako. Kila daftari likirudi kutoka kwa mwalimu, chukua neno lililozungushiwa wino mwekundu, liandike sahihi ndani ya sentensi nzima. Neno peke yake husahaulika; sentensi hubaki.

Haya ndiyo yanayojirudia zaidi katika madaftari ya sekondari.

Herufi h. Mtu huandika "apa", "alafu", "anaitaji", "eshima". Kosa hili huonekana dogo mpaka likutane na kitenzi: "ana ada" na "hana ada" ni sentensi mbili zinazopingana, na katika barua ya mzazi kwa mhasibu wa shule zinaweza kuleta mtafaruku. Haya na aya nazo ni vitu viwili tofauti kabisa.

R na l. Hapa lugha za kwanza zinavuta kila mtu upande wake, na hakuna sababu ya kumcheka yeyote. Ila katika maandishi tofauti lazima ionekane, kwa sababu mahali si mahari, fahali si fahari, na kula si kura. Jikumbushe kwa jozi kama hizo.

Dh, th na z: dhamana, thamani na zamani. Yaandike matatu hayo katika sentensi tatu, yasome kwa sauti, na ulimi utayashika. Gh pia husahauliwa, ndipo tunapata "gafla" na "garama". Na ng'ombe asiporudishiwa alama yake ya ritifaa (') baada ya ng hasomeki vizuri.

Kutenganisha na kuunganisha maneno. Hili ndilo linalochukua wino mwekundu mwingi kuliko yote. Viambishi vya kitenzi havitenganishwi: nimesoma, si "nime soma", anapofika, si "ana po fika". Kwa upande mwingine, maneno haya huandikwa mbalimbali: kwa sababu, kwa hiyo, kwa ajili ya, na kadhalika, ina maana. Mbalimbali yenyewe, kinyume chake, ni neno moja.

Mengine ni ya mazoea tu. Kila hufuatwa na umoja: kila mtu, kila siku. Tunasema shuleni au katika shule, lakini si "katika shuleni". Akina mama, si "wakina mama". Muda wa saa tatu, si "masaa matatu".

Kwa neno lenye shaka, fungua kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo katika maktaba nyingi za shule, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015. Wanafunzi wengi huikimbia kamusi kwa sababu hawapati neno wanalotafuta. Kitenzi hutafutwa kwa shina lake: ukitaka "waliandikiana", nenda kwenye andika, halafu utaiona minyambuliko yake chini yake. Nomino hutafutwa kwa umoja: miche iko kwenye mche, nyuzi iko kwenye uzi. Na ukishalipata neno, usiishie kwenye maana. Tazama na ngeli, maana ndiyo itakayokuambia useme "huu" au "hii".

Hatua ya tano: ujumbe wa simu na barua

Wapo walimu wanaoilaumu simu kwa kuharibu lugha. Mimi naamini simu imewafanya vijana waandike kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na jambo hilo ni jema. Tatizo ni mazoea ya "xaxa", "cjui" na "2taonana" kuhamia kwenye karatasi ya mtihani bila mwandishi kujua. Na kuna hasara nyingine isiyozungumzwa: ujumbe uliokatwakatwa mara nyingi hukosa habari yenyewe. "Oya kexho 2citegeane, 2meet xaa 2 pale pale" unaleta maswali kumi kwenye kundi. Pale pale wapi? Saa mbili asubuhi au usiku? Tuje na nini?

Jaribu: "Wenzangu, kesho Jumamosi tunakutana saa mbili asubuhi maktaba kwa ajili ya zoezi la kemia. Kila mmoja aje na daftari lake la maabara. Atakayechelewa anijulishe mapema." Kabla ya kubonyeza kutuma, hakikisha ujumbe unajibu nani, nini, lini, wapi na mtu aje na nini. Kisha usome mara moja zaidi, kwa sababu simu nyingi hubadilisha maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza zenyewe, na aibu inabaki kwako. Utani na marafiki uendelee na ufupisho wake. Kinachotakiwa ni uweze kuandika namna zote mbili na ujue wakati wa kila moja.

Barua rasmi ina umbo lake linalojulikana: anwani ya mwandishi juu kulia, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, salamu, kichwa cha barua, mwili, mwisho na saini. Tanzania kichwa hutanguliwa na YAH:, Kenya utakuta MINT: au KUH:. Umbo hilo utajifunza kwa siku moja. Mwili wa barua ndio unaowashinda wengi. Mara nyingi huanza hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi katika shule yako tukufu na ninayo furaha kubwa kukuandikia barua hii nikiwa na lengo la kuomba ruhusa kama kichwa cha habari kinavyojieleza. Natumaini ombi langu litazingatiwa."

Mkuu wa shule amesoma aya nzima na hajajua ruhusa ni ya lini, ya siku ngapi, wala ya nini. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni mazoea ya barua zetu na hayamkeri mtu. Kama mwalimu wako anayapenda, yaache. Ila sentensi inayofuata iingie kwenye shida moja kwa moja:

"Naomba ruhusa ya siku mbili, Alhamisi tarehe 12 na Ijumaa tarehe 13 Machi, ili niende kliniki ya meno. Cheti cha miadi nimekiambatisha. Nitarejea shuleni Jumapili tarehe 15 kabla ya chakula cha jioni, na nimekubaliana na mwenzangu wa dawati anipe notisi za siku hizo."

Adabu haikupungua hata kidogo. Kumpa mkubwa habari zote anazohitaji ili aamue bila kukuita ofisini ni heshima kubwa kuliko kumwita mtukufu. Na kama barua inapitia kwa mwalimu wa darasa, mpelekee mapema.

Hatua ya sita: soma kwa sauti, kisha andika upya

Rasimu ya kwanza ni ya kwako. Ya pili ndiyo ya msomaji. Katikati ya hizo mbili, soma kwa sauti. Jicho huruka neno lililosahaulika kwa sababu kichwa kinajua lilipaswa kuwepo, lakini ulimi haudanganyiki. Ukiishiwa pumzi, sentensi ni ndefu mno au imekosa mkato. Ukirudi nyuma kuanza upya, mpangilio wa maneno una kasoro. Weka alama hapo kwa penseli na usisimame kusahihisha. Maliza kusoma kwanza.

Ukiwa na rafiki anayekubali, fanyeni vizuri zaidi: mpe yeye asome kwa sauti maandishi yako, nawe usikilize. Hajui ulichokusudia, kwa hiyo atajikwaa pale pale ambapo mwalimu naye angejikwaa. Usimweleze. Ukijikuta unataka kusema "hapo nilimaanisha", maelezo hayo ndiyo yaliyokosekana kwenye karatasi, yaingize.

Kuhusu kusoma, kila mtu atakuambia usome sana, nami nakubali. Nyongeza yangu ni kusoma kama fundi anayechunguza kazi ya fundi mwenzake. Chukua aya moja ya makala, iwe Mwananchi la Dar es Salaam au Taifa Leo la Nairobi, inakili kwa mkono polepole, funga gazeti, iandike tena kwa kumbukumbu, halafu linganisha. Pale mlipotofautiana, jiulize kwa nini mwandishi wa makala alichagua alivyochagua. Mara chache utakuta chaguo lako lilikuwa bora, na siku hiyo utajua kwamba umeanza kukomaa.

Hatua ya saba: chumba cha mtihani

Kwanza jua kasi na mwandiko wako. Fungua ukurasa uliokwisha kuujaza, hesabu maneno ya mistari mitano, gawanya kwa tano. Ukipata wastani wa maneno tisa kwa mstari, maneno 400 ni kama mistari 45. Ukishajua hivyo huna haja ya kuhesabu maneno mtihani ukiendelea; unaangalia mistari tu.

Mtahiniwa wa KCSE hupewa saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, kila moja isipungue maneno 400 na kila moja ina alama 20. Gawa hivi: dakika kumi za kuchagua swali na kuandika mpango wa insha zote mbili, dakika arobaini kwa kila insha, na kumi na tano za kusahihisha. Mpango ni maneno matano au sita tu, moja kwa kila aya, kama yale ya Maji Maji. Wanaoruka mpango ili waokoe muda ndio wanaokwama aya ya tatu wakiangalia dari. Kwa insha ya methali, mpango uonyeshe kisa kitakapogeuka ili methali itimie; kisa kisicho na mgeuko huwa ni maelezo ya maana ya methali yaliyorefushwa. Kwa wa Tanzania, mgawanyo wa maswali na muda ni tofauti, lakini hesabu ya mistari na mpango havibadiliki.

Zile dakika za mwisho usizitumie kusoma kila kitu kwa haraka. Kumbuka ile orodha ya kurasa za nyuma, chagua makosa yako mawili makubwa, na upitie karatasi ukiyatafuta hayo tu: kwanza h zote, kwa mfano, kisha maneno yote yaliyotenganishwa. Kosa likate kwa mstari mmoja ulionyooka na uandike sahihi juu yake, bila kusugua wala kuchafua. Halafu angalia kama namba ya swali ipo mwanzoni mwa kila insha na namba yako ya mtihani ipo panapotakiwa.